Nakala kwa Mtendaji wa Kijiji

Bukoba, Jumatatu, 2 Desemba 2024

Leo ninaanza daftari hili na ninaweka ahadi kwa mwandiko wangu mwenyewe: nitaandika yote, pamoja na yale ambayo nikiyasoma baadaye nitatamani kuchana ukurasa. Nikichana hata mmoja, daftari zima litakuwa uongo.

Naitwa Judica. Nimemaliza mtihani wa kidato cha nne Ijumaa iliyopita. Baba na mama wako Rubafu kwenye kahawa na migomba yao. Mimi nimeletwa mjini kwa Mjomba Projestus, kaka yake mama, nimsaidie kazi hadi matokeo yatoke. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la mabati. Anawatunzia watu tovuti na anwani za barua pepe: shule, sharika, vikundi vya wakulima, wauza samaki. Wateja ni thelathini na wanne, na kila mmoja ana ukurasa wake wa kuendeshea mambo yake, ambao hapa wanauita paneli.

Sasa Mjomba anaongeza ulinzi kwenye paneli. Kutakuwa na kifaa cha kusaka virusi, chujio la barua taka, na kizuizi cha kufunga akaunti ikianza kutuma barua nyingi kupita kawaida. Riyadhi, fundi wa programu, ndiye anayeviunganisha. Vimekuja vyote kwa Kiingereza, na wateja wengi hawakisomi. Kazi yangu ni kuandika maneno ya Kiswahili ya kila kitufe na maelezo yake.

"Nasikia una Kiswahili cha vitabu," alisema Mjomba. "Mimi nataka cha watu."

Nimefurahi. Sijawahi kupewa kazi ambayo watu wazima wataisoma.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Vitufe kumi na viwili.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo tumebishania kitufe kimoja. Barua yenye shaka haifutwi. Inawekwa pembeni mpaka mwenyewe aamue. Mimi niliandika "Barua zilizozuiliwa kwa uchunguzi".

"Ndefu," alisema Riyadhi. "Weka Mahabusu."

"Mahabusu ni ya watu."

"Na barua nayo ni mtuhumiwa. Haijahukumiwa, haijaachiwa. Unataka nini tena?"

Alikuwepo Mzee Mwijage, mteja wetu, aliyekuja kulalamika kwamba barua zake hazifiki. Mjomba akamwomba asome yote mawili. La kwangu alilisoma mara mbili akatikisa kichwa. La Riyadhi alilisoma mara moja.

"Kumbe ndiko ziliko barua zangu," alisema. "Na dhamana anaweka nani?"

Basi imekuwa Mahabusu. Nimeshindwa, na nimecheka njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu, 9 Desemba

Riyadhi amepima maneno ya siri ya wateja wote. Kumi na tisa wanatumia namba moja hadi sita. Mjomba ametoa agizo: kila mteja apewe neno jipya kabla ya Ijumaa, siku ambayo ya zamani yatafungwa.

"Mpigie simu mwenye akaunti, yeye mwenyewe," aliniambia. "Umtajie sikioni. Usiandike popote."

Jumatano, 11 Desemba

Wote wamepokea isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Mama mdogo Anatolia, mdogo wake mama na Mjomba, karani wa Kikundi cha Tukole huko Kimwani. Wanauza mahindi na maharage, na mnunuzi wao wa Mwanza huwaandikia kwa barua pepe tu. Nguzo za umeme zimeanguka kwa mvua na simu za kijijini kwao hazina chaji. Nimejaribu mara tisa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemwandikia barua. Mjomba alikuwa Rubafu na sikumwuliza. Nilijiambia kwamba Mama mdogo akifungiwa Ijumaa, kosa litakuwa langu.

Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ina kumbukumbu namba, ina "Yah: Maboresho ya Usalama wa Barua Pepe", ina aya tatu zilizopangika. Neno jipya la siri liko katika aya ya tatu, limekolezwa wino na kupigiwa mstari ili lisomeke. Na mwisho, kama tulivyofundishwa, niliweka nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji. Barua ya ofisi isiyo na nakala niliiona kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Nilichapa mbili, nikatia kila moja kwenye bahasha yake, nikampa Ombeni, dereva wa basi linalopita Kimwani. Aliahidi kuzifikisha zote mbili kwa mkono.

Jumamosi, 14 Desemba

Ujumbe wa Mama mdogo, baada ya umeme kurudi: "Nimeingia vizuri. Hongera kwa kazi."

Jumanne, 17 Desemba

Asubuhi kengele ya paneli ililia. Kizuizi kilikuwa kimefunga akaunti ya Tukole. Mtu aliingia humo akaanza kutuma barua yenye ankara ya uongo, na ndani ya ankara kulikuwa na virusi. Riyadhi alipiga makofi kwa sababu kizuizi kimefanya kazi. Kisha akahesabu zilizopita kabla ya kufungwa. Arobaini. Mojawapo ilikwenda kwa mnunuzi wa Mwanza. Aliifungua, na kompyuta zao zote zimesimama. Amesema hatachukua maharage ya Tukole mpaka aambiwe ni nani kati yao aliyetoa neno la siri.

Kesho tunakwenda Kimwani. Nimekula chakula cha jioni kama mtu anayetafuna karatasi.

Jumatano, 18 Desemba

Ahadi niliyoiandika ukurasa wa kwanza ilikuwa kwa ajili ya siku kama hii.

Tulifika saa tano, mvua ikinyesha. Wanachama walikuwa ghalani, wamekaa juu ya magunia. Mjomba aliingia kusalimia, akanituma nikalete kompyuta garini. Nikirudi nayo mvua ikazidi, nikajibanza barazani pa ofisi ya kijiji, hatua ishirini kutoka ghalani. Pale pana ubao wa matangazo.

Niliitambua kabla sijaisoma, kama mtu anavyoitambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Ilikuwa kati ya tangazo la chanjo ya ng'ombe na orodha ya wapiga kura. Ilikuwa na muhuri wa kupokelewa tarehe kumi na tatu na pini nne, moja kila pembe, imebandikwa kwa heshima. Aya ya tatu ilionekana hata kwa mtu aliyesimama njiani.

Mtendaji hakufanya ubaya. Amepelekewa nakala ya barua ya kikundi, akaibandika kama anavyobandika zote. Ilikaa pale siku tano. Aliyeisoma akaitumia hawezi kusema, na asiyeitumia hajui alichosoma.

Nilitazama kulia na kushoto. Palikuwa na kuku tu. Niliivuta, pini zikaanguka, nikaikunja mara nne nikaitia kwenye mfuko wa kompyuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nilipoingia, mwenyekiti, Mzee Ndyamukama, alikuwa anauliza.

"Waitu, ndugu yetu mtaalamu, tueleze kama unavyowaeleza watoto. Mwizi alivunja mlango au aliingia na ufunguo?"

"Aliingia na ufunguo," alisema Mjomba.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Karani."

"Na karani ana rafiki," ilisema sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Ni Sabina, mwanachama mwenye shamba karibu na barabara. Watu wakacheka. "Kila Jumanne anatoka Bumbire kuchaji simu ofisini kwetu. Huko visiwani kwani hakuna jua?"

Mama mdogo alikuwa amekaa mbele, mgongo wima. "Sabina, wiki iliyopita na wewe ulichaji. Mbona yako hukuitaja?"

"Mimi ni mwanachama. Mayunga ni mtu wa kuvua. Leo yuko hapa, kesho hujui."

"Sikumpa Mayunga wala mtu mwingine. Hata kuandika sikuandika popote."

Watu walimtazama Mjomba. Karani ni dada yake, na alitaka waone kwamba hampendelei. Akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Judica, neno la siri ulimpa kwa njia gani?"

Mfuko wa kompyuta ulikuwa begani. Nilisema, "Kwa simu, Mjomba."

Mama mdogo aligeuka juu ya gunia lake akanitazama, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akawageukia wanachama.

"Ndiyo," alisema. "Alinipigia."

Wameamua akae pembeni mpaka mkutano mkuu wa tarehe kumi na moja Januari, ndipo waseme kama atarudi au atafukuzwa. Mayunga asikanyage ofisini. Mama mdogo aliweka funguo mezani akaomba waandike kwamba amezikabidhi. Wakacheka. Alisubiri mpaka wakaandika.

Tukirudi, Mjomba alisimama Muleba kuweka mafuta. Hapo alisema, "Angalau wewe ulifuata utaratibu."

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua. Sikuandika kitufe hata kimoja.

Ijumaa, 20 Desemba

Mayunga amekuja ofisini. Nilikuwa nikimfikiria kama watu wa Kimwani wanavyomfikiria, mtu wa makelele mwenye harufu ya dagaa. Harufu anayo. Lakini alisubiri kwenye ngazi, viatu vyenye tope mkononi, mpaka Riyadhi alipomwambia apande.

"Binti," aliniambia, "eti mimi nimeiba kitu. Nimekuja nikione, maana sijawahi kukiona."

Nilimfungulia paneli. Akauliza paswedi inakaa wapi. Nikamwonyesha, nikaandika moja ya mfano.

"Mbona ni nukta tupu?"

"Ili aliye nyuma yako asisome."

"Mmejitahidi. Hata aliye mbele hasomi."

Riyadhi alicheka mpaka akavua miwani. Mayunga hakucheka sana. Alisema, "Mimi shule niliishia la pili. Ujumbe ukiingia kwenye simu, yule mama ndiye ananisomea. Kila Jumanne napeleka simu, anachaji, ananisomea, basi. Jumanne hii sikufika, sasa nina ujumbe wa siku kumi na sijui nani amekufa nani amezaa."

Akanipa simu nimsomee. Binti yake wa Sengerema anaomba viatu vya shule. Mtu anauliza bei ya nyavu. Wa mwisho ulikuwa wa Mama mdogo, wa Jumatano jioni: "Usije Jumanne. Usiumie. Si kosa lako."

"Rudia huo," alisema.

Nikarudia. Akashukuru, akashuka ngazi kwa uangalifu, akavaa viatu vyake nje.

Ningeweza kumwambia pale pale. Barua iko ndani ya begi langu la shule, chini ya kitanda.

Jumatatu, 23 Desemba

Riyadhi ameniita kwenye meza yake. "Njoo uone maajabu."

Alikuwa amefungua ukurasa ambao maneno yake niliyaandika mimi: "Nani ameingia, lini, kutoka wapi". Kati ya Ijumaa ya tarehe kumi na tatu na usiku wa Jumatatu, simu tisa ziliingia kwenye akaunti ya Tukole, mbali na kompyuta ya Mama mdogo.

"Nane ni za hapo hapo kijijini," alisema. "Wameingia, wakatazama, wakatoka, kama watoto wanaochungulia harusi. Wa tisa ndiye mbaya, na hayuko hata Kagera. Amepelekewa hilo neno. Siri ya mtu mmoja haifanyi hivi, Judica. Hii ilisomwa na kadamnasi."

Nilisema labda simu za kule zinabadilisha laini zenyewe. Ni upuuzi, na Riyadhi ndiye aliyenifundisha kwa nini ni upuuzi.

"Labda," alisema, akafunga ukurasa. Hajanitazama usoni tangu hapo.

Rubafu, Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani Mama mdogo hakukaa na kwaya. Kila mwaka akija nyumbani wanakwaya humwita, kwa kuwa sauti ya pili ni yake. Leo alikaa benchi la mwisho na bibi. Habari za Kimwani zimefika Rubafu kabla yake.

Baada ya ibada tulimenya ndizi za bitoke jikoni, mimi na yeye, beseni kati yetu. Anamenya haraka bila kutazama kisu. Aliniuliza kuhusu mtihani wa Kiswahili, ni insha gani nilichagua. Nikamweleza. Nilitaka kusema, na neno la kwanza lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo aliposema, bila kuinua macho:

"Ile barua yako ilikuwa imepangwa vizuri. Nimeihifadhi."

Kisu kilinikata kidole. Akakitazama, akakamua maji ya mgomba juu yake, akakifunga kwa kipande cha kanga, akaendelea kumenya.

Mezani bibi aliniuliza kwa nini sili. Nilisema kidole kinauma.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimerudi Bukoba. Mjomba amempigia dada yake simu mbele yangu. Amemwuliza kama kweli kuna kitu kati yake na huyo mvuvi. Sikusikia jibu. Lilikuwa fupi.

Jumatano, 1 Januari 2025

Mwaka mpya. Hakuna jipya.

Ijumaa, 3 Januari

Wateja wanaipenda paneli. Mzee Mwijage amepiga simu kusema ameachia barua tatu kutoka Mahabusu na kufuta kumi na moja, yeye mwenyewe, bila mjukuu. Mjomba alinishika bega akasema kazi yangu ndiyo iliyowafungulia. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumatatu, 6 Januari

Nimesema.

Nilisubiri Riyadhi atoke kwenda kula, nikaweka barua mezani kwa Mjomba, ikiwa na alama za mikunjo na matundu ya pini. Aliisoma tangu kumbukumbu namba hadi nakala. Alipofika mwisho alirudi kwenye muhuri.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye ubao wa kijiji. Siku ile. Kabla sijaingia ghalani."

"Nilikuambia usiandike popote."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukaandika. Ukakoleza wino."

"Ndiyo."

"Halafu ukasimama pale mlangoni ukaniambia umepiga simu."

Alisimama akaenda dirishani. Mabati ya duka la chini yalikuwa yanapigwa na mvua, na ilibidi apaze sauti kidogo.

"Dada yangu amekaa nyumbani siku kumi na tisa. Mimi nimemhoji kuhusu mwanamume kama polisi." Baadaye akasema, "Wateja wakisikia barua hii imetoka ofisini kwangu," na hakumaliza.

Nilimwambia nitawaeleza wanachama mwenyewe. Alisema nimwache afikiri.

Jumanne, 7 Januari

Mjomba bado anafikiri. Mvua.

Jumatano, 8 Januari

Jioni, akifunga ofisi: "Jumamosi tutatoka saa kumi na mbili asubuhi. Utaongea wewe. Mimi nitasimama karibu."

Nilidhani nitalala vizuri sasa. Lakini nilipokaa kupanga maneno ya kusema mbele ya wanachama nilikwama mahali pamoja, na bado nimekwama.

Alhamisi, 9 Januari

Mama mdogo, shikamoo.

Kuanzia mstari huu ninakuandikia wewe. Kesho asubuhi nitampa Ombeni daftari hili pamoja na ile barua ya ubaoni. Yeye hugeuza basi saa nane mchana, hivyo una saa chache. Soma tangu mwanzo. Usiruke mahali nilipomwandika Mayunga vibaya, wala kuku wa barazani, wala siku niliyosifiwa nikakubali.

Jumamosi nitakuja, na nitasema yote mbele yao hata ukiniambia nisije. Kwa hilo siombi ruhusa yako. Nitawaambia kwamba hukutoa siri, kwamba Mayunga hajui hata kuisoma, na kwamba wewe ulikuwa na barua yangu mkononi siku zote hizi, barua ambayo ingekusafisha siku ile ile kama ungeitoa mkobani ukaiweka mezani karibu na funguo. Sitaomba wanisamehe. Nitaomba wakurudishie funguo zako na waandike kwamba wamekurudishia.

Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kulisema mbele yao, kwa sababu silijui. Kama ulidhani nimekosea utaratibu tu, kwamba niliandika mahali nilipotakiwa kupiga simu, basi ulinifunika kwa jambo dogo na mimi nikakuacha uangukie shimo ambalo hukuliona. Kama ulijua zaidi ya hapo, basi uliliona shimo, ukanitazama, ukaingia mwenyewe. Siku ile ya bitoke nilisubiri useme, na nadhani wewe pia ulikuwa ukisubiri nami niseme. Nimejaribu kuandika maneno ya Jumamosi kwa namna zote mbili, na kila namna inanifanya mtu tofauti.

Kwa hiyo nijibu hili tu, hata kwa mstari mmoja, umpe Ombeni anaporudi: uliposema mbele yao "Alinipigia", ulikuwa umeshausoma mstari wa mwisho wa barua yangu, ule wa nakala?